Nguzo za Tangi Lisilokuwepo

Oktoba ile, watu wa mtaa wa Cedar Bend, kule Michigan, walipokuwa wanabandika plastiki madirishani kungoja baridi, Ardith Kolbe alikuwa amelala kifudifudi chini ya nyumba yake mwenyewe akichimba shimo. Na si shimo moja, manne. Kila moja lilishuka futi nne kamili. Alichimba kwa koleo alilolikata mpini, kwa sababu chini ya nyumba hizi zinazoundwa kiwandani huwezi hata kukaa kitako. Unalala, unachimba, udongo unautia kwenye sinia kuukuu la kuokea mikate, kisha unatambaa nalo kinyumenyume hadi nje.

Jirani yake, Opal Rasmus, aliinama akachungulia pale sketi ya plastiki inayozunguka nyumba ilipofunguliwa.

"Ardith! Shoga, u hai?"

"Sijafa."

"Sasa hilo ni kaburi la nani?"

"Si kaburi. Nachimbia nguzo."

"Za kubeba nini?"

"Tangi la samaki."

Opal aligeuka akalitazama dirisha la sebule. Asubuhi hiyo hiyo alikuwa amekaa kwenye sebule ile akinywa kahawa, na alikuwa na hakika kabisa kwamba hakuona tangi. Aliona kiti kimoja, televisheni, na ukuta mtupu.

"Tangi gani, shoga?"

"Litakuja," sauti ikajibu kutoka gizani, na koleo likaendelea.

Kuielewa hasira iliyochimba mashimo yale, inabidi kurudi nyuma, hadi kwa baba yake Ardith, mzee Emmett Haskell, aliyekuwa akihamisha na kusimika nyumba. Nyumba hizi huja kwa barabara juu ya magurudumu, nyingine kipande kimoja, nyingine vipande viwili vya kuunganishwa. Zikifika hulazwa juu ya vyuma viwili virefu, vyuma juu ya matofali ya zege, matofali juu ya ardhi. Na ardhi ya Michigan haitulii. Ikiganda huumuka kama unga wa mkate, ikiyeyuka hunywea. Baada ya miaka kadhaa mlango unagoma kufunga na yai linaviringika lenyewe jikoni. Hapo lazima mtu atambae chini na jeki na pimamaji, ainyooshe nyumba.

Mtu huyo alikuwa Ardith. Alianza akiwa na miaka tisa kwa sababu alikuwa mdogo na alipenya. Akaolewa na Duane Kolbe, akaendelea yeye. Duane aliendesha gari, akabisha hodi, akapiga soga, akala keki ya mwenye nyumba. Ubavuni mwa gari paliandikwa KOLBE, TUNANYOOSHA NYUMBA, na kila aliyelisoma alimfikiria Duane. Miaka kumi na tisa Ardith alilala chali kwenye utando wa buibui akiwasikia watu juu yake wakisema, "Duane, una mikono ya dhahabu, bwana!" Sakafu zile ni nyembamba. Kila neno hushuka.

Mzee Haskell alimwachia binti yake kanuni moja tu: ardhi iliyoganda ni mwongo. Itakubali chochote utakachoitwisha, na Aprili itakikana mchana kweupe. Kwa hiyo kuanzia Novemba, mteja yeyote aliyepiga simu Ardith alimjibu maneno mawili, "Nipigie Mei." Duane hakuwahi kuuliza kwa nini. Aliwaambia watu huku akicheka, "Mke wangu haogopi nyoka, haogopi panya, lakini baridi? Weee!"

Na kulikuwa na Shemasi. Huyo alikuwa samaki, mweusi mwenye mabaka ya rangi ya machungwa, mrefu kama kiatu cha mwanamume, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja. Walimwita Shemasi kwa jinsi alivyopita mbele ya kioo taratibu, tumbo mbele, akikutazama kana kwamba anajua hukutoa sadaka. Samaki wa aina ile hutambua nyuso, jambo ambalo ukiliona kwa macho yako unabaki mdomo wazi. Duane akipita hakujali. Ardith akipita alikuja mbio kiooni, akapanua kinywa, na akala minyoo kutoka kwenye vidole vyake kwa adabu kabisa.

Tangi lake lilikuwa na urefu wa futi sita, na maji yake pamoja na mawe na meza ya chini yalifika tani moja. Hebu fikiria ng'ombe wawili wanene wamesimama sebuleni, usiku na mchana, na hawatoki. Ndivyo ilivyo. Ardith mwenyewe ndiye aliyelijengea nguzo katika nyumba yao ya zamani, na halikuwahi kuinama hata unene wa kucha.

Walipoachana, nyumba iliuzwa. Ardith alihamia nyumba ya marehemu baba yake, ya kipande kimoja, kiwanja namba kumi na saba. Duane alihamia kiwanja cha thelathini kwa Twyla, mwanamke mwenye nyumba ya vipande viwili na zulia jeupe. Likabaki tangi. Mbele ya msuluhishi, Duane alikohoa, akaweka mkono kifuani.

"Mama, mimi ndiye fundi. Niulize mimi. Ile nyumba ya mzee ina miaka arobaini. Sakafu yake haiwezi kubeba tangi, naapa. Mkimpa yeye, mmemuua samaki."

Msuluhishi akaandika. Ardith alifungua kinywa aseme *fundi ni mimi*, akakifunga. Mikono yake ilikuwa pale mezani, yenye makovu ya kila kabari iliyowahi kuteleza, na hakuna aliyeitazama. Njiani kurudi nyumbani, ndani ya gari, aliyasema yale maneno matatu mara thelathini hivi. Yalitoka vizuri kabisa.

Kesho yake akanunua koleo.

Opal, ambaye alikuwa mtu wa kanisani, alijaribu kumtuliza. "Muachie Mungu, shoga. Subira huvuta heri."

"Sitaki heri," Ardith alisema. "Namtaka Duane."

Nguzo zilikwisha kabla ya baridi: zege futi nne chini, mahali ambapo barafu haifiki, na juu yake boriti mbili zikishika mbao za sakafu. Ukirukaruka kwenye sebule ile upande wa ukuta mtupu, ilikuwa kama kuruka juu ya mwamba. Mtaa mzima ulijua, na mtaa mzima ulicheka.

Baridi ikafika katikati, na Shemasi alikuwa hajaliona tangi lake tangu Septemba. Twyla alikuwa anabadilisha zulia, kwa hiyo Duane alimtia samaki kwenye pipa la bluu kule stoo, lenye hita moja ya maji na kifuniko cha mbao. Miezi mitano. Opal ndiye aliyeleta habari hizo, na akajuta, maana Ardith aliweka kikombe chini polepole mno.

"Pipa?"

"Pipa, shoga."

"Anaona nini humo?"

"Ataona nini? Pipa."

Februari, theluji ikiwa magotini, Duane akalitoa tangi. Twyla alitaka lisimame mbele, penye dirisha kubwa, ili anayepita barabarani amwone samaki. Duane alifurahi, na Ardith, aliyekuwa anatazama kutoka upande wa pili wa barabara, alijua kwa nini. Pembeni kabisa mwa nyumba mtu hana haja ya kutambaa. Duane alifungua sketi, akachuchumaa nje, akasukuma matofali na jeki mbili kwa urefu wa mkono, akakaza. Hata magoti hayakugusa ardhi. Na ardhi yenyewe ilikuwa imeganda kama chuma. Ililia *ko!* tofali lilipoigusa.

Ardith akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Septemba.

"Hutamwambia?" Opal aliuliza.

"Nimwambie nini? Yeye ndiye fundi. Ameapa."

Lakini ndani ya tangi lile alikuwamo Shemasi, na hapo ndipo kisasi kilipokuwa na mfupa wa kukwama kooni. Ardith akisema mapema, Duane angeingiza kabari mbili, angecheka, angebaki na samaki na sifa. Akichelewa, kona ya kioo ingeachia na Shemasi angekufa juu ya zulia jeupe. Ilibidi apate siku yenyewe, kati ya mapema na kuchelewa, na siku hiyo ilikuwa nyembamba kama wembe.

Akaanza kutembea. Kila alasiri alipita mbele ya namba thelathini, akasimama kama anafunga kamba ya kiatu, akatazama dirishani. Maji hayainami na nyumba, hayana haja ya kumpendelea mtu. Tangi likienda upande, maji hubaki yamenyooka, na ukingo wa kioo ndio unaopanda huku na kushuka kule. Ardith aliinua mkono mbele ya jicho, akapima kwa vidole tofauti ya kona moja na nyingine. Wiki ya kwanza ya Machi, sawasawa. Ya pili, theluji ikaanza kudondoka kutoka kwenye mapaa, nusu kidole. Ya tatu, kidole kizima. Alijua kwamba tangi lile lingevumilia vidole vinne, si zaidi.

Bwana Harlan Pruitt, msimamizi wa Cedar Bend, alikuwa ametangaza kwamba nyumba zote arobaini na tatu zingenyooshwa kiangazi hicho, na kwamba angemtaja fundi Ijumaa ya mwisho ya Kwaresima, baada ya chakula cha samaki ukumbini. Kila mtu alijua atakuwa Duane. Duane alishawaalika watu wote kwa Twyla baada ya chakula, waje kula pai na kulitazama tangi.

Ijumaa hiyo jua lilichoma kama la Juni. Mifereji iliimba kote. Saa tisa alasiri Ardith alifunga kamba yake ya kiatu mbele ya dirisha, akapima. Vidole vitatu. Akaenda nyumbani, akavaa shati safi.

Ukumbini walikula sangara wa kukaanga na saladi ya kabichi. Duane alipita na sinia kati ya meza, shati jeupe, kicheko mbele.

"Ardith! Nasikia nguzo zako nne bado zinabeba hewa. Haijazilemea?"

Watu wakacheka.

"Hewa angalau haimwagiki, Duane," alisema Ardith, akaendelea kutoa miiba.

Bwana Pruitt alisema jina la fundi atalitaja kwa Twyla, wakati wa pai. Jioni haijaingia walipovuka barabara kwenda namba thelathini. Walikuwa watu ishirini na tano. Twyla aliwavulisha wote viatu mlangoni kwa ajili ya zulia. Na hapo Ardith, aliyepima kila kitu kwa wiki tano, akaona kitu ambacho hakukipima hata kidogo: watu. Ishirini na watano, wamejaa samaki na kabichi, wote wakasogea upande ule ule wa dirisha kumwona Shemasi kwa karibu. Sakafu ikatoa sauti ndogo, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema.

Ardith alitaka Duane aaibike. Hakutaka, hata kidogo, kumwona Shemasi akirukaruka sakafuni.

"Rudini nyuma!" alipiga kelele. "Wote! Ukutani, upande ule! Sasa hivi!"

Wakarudi bila kuuliza. Ilikuwa sauti waliyoijua. Kwa miaka mingi waliisikia ikitoka chini ya sakafu zao ikisema *msiguse mlango, msitembee, bado*, na hawakuwahi kufikiria ni ya nani.

Shemasi, kwa upande wake, alikuwa amemwona. Alikuja mbio kiooni, kinywa wazi.

"Bwana Pruitt," Ardith alisema, akihema. "Tazama maji."

Pruitt akatazama, kisha akainamisha kichwa, kisha akakiinua. Upande wa kushoto maji yaligusa ukingo. Upande wa kulia yalikuwa chini yake kwa vidole vitatu na zaidi.

"Duane, mbona samaki wako anaogelea mlimani?"

"Ah, hiyo... ndivyo kioo kilivyo, Harlan. Kiwandani walikikata vibaya."

"Matofali uliyaweka lini?" Ardith aliuliza kwa upole.

"Ya nini?"

"Lini, Duane?"

"Februari."

Mzee mmoja nyuma, aliyeishi pale tangu nyumba zilipokuwa na magurudumu, akaguna, "Februari! Yesu na Maria." Na kutoka kona ya kushoto ya tangi, tone moja la maji likachuruzika kwenye kioo, kwa nje. Likafuata la pili.

Twyla akapiga yowe. "Zulia langu!"

Ardith hakungoja. Alimtuma Opal alete mpira wa kumwagilia bustani na sanduku la barafu la pikiniki, akawapanga wanaume wawili dirishani, akanyonya mwisho wa mpira mpaka maji yakaja. Yakaanza kumwagika nje. Nusu ya maji ilipotoka, tangi lilikuwa jepesi na hatari imekwisha. Yeye alijua imekwisha. Duane hakujua.

Alimsogelea, akamnong'oneza. "Ardith, nakuomba. Nenda chini uzuie. Jeki iko garini."

"Fundi ni wewe," alisema, na si kwa kunong'ona. "Chukua ubao mpana, tambaa mpaka kwenye chuma, gusisha sakafu. Usinyanyue. Gusisha tu na ushike."

"Na shati hili?"

"Muulize Twyla kama angependa tungoje ubadilishe."

Twyla alimwonyesha mlango.

Hapakuwa na haja yoyote ya mtu kwenda chini ya nyumba ile. Ardith alimpeleka hivyo hivyo. Wote wakasikiliza: Duane akikwaruza, akipumua, akigonga kichwa, akimtaja Mungu. Na kwa kuwa maji hutafuta mahali pa chini, yale waliyokuwa wakiyamwaga dirishani, ya vuguvugu, yenye harufu ya miaka kumi na moja ya samaki, yalipita taratibu chini ya sketi kwenda kumsalimia.

"Kuna maji huku!"

"Shika ubao, fundi!" Ardith alisema, akapiga kisigino sakafuni. "Duane, nina swali. Miaka kumi na tisa, nani alikuwa akitambaa huko?"

Chini, ubao ukakwaruza.

"Sema kwa nguvu, Bwana Pruitt hasikii vizuri."

"Nasikia vizuri tu," alisema Pruitt, lakini kwa sauti ndogo.

"Wewe!" sauti ikatoka chini.

"Wewe nani? Tuko wengi."

"Ardith! Ni Ardith aliyekuwa anatambaa! Kila nyumba! Nitoeni, kuna kitu huku kina macho!"

Alikuwa ni panya-buku wa kawaida tu, anayelala chini ya nusu ya nyumba za Cedar Bend, na ambaye Ardith humsalimia akipita. Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Hata Pruitt alipangusa macho. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na Duane ukingo wake aliufikia kwa tumbo.

Ardith alimwacha chini kwa dakika arobaini.

Alipotoka, kahawia kuanzia kidevuni, tangi lilikuwa tupu na Shemasi alikuwa ndani ya sanduku la pikiniki mikononi mwa Ardith, kichwa kikitokeza kidogo.

"Hilo dude litoke nyumbani kwangu," Twyla alisema akionyesha tangi. "Leo. Achukue yeyote anayelitaka."

"Ardith anapo mahali pa kuliweka," alisema Opal upesi. "Nguzo nne."

Duane alijipangusa uso, akaacha michirizi. Sakafu ya Twyla mbele ya dirisha ilikuwa imeinama kama kitanda kikuukuu. Pruitt alikuwa ameshaongea na Ardith pembeni, maneno machache kuhusu zile nyumba arobaini na tatu, na wote walimwona akimshika mkono, ule wenye makovu.

"Sasa," Duane alisema, sauti ikiwa imekauka, "hii sakafu utakuja lini kuinyoosha?"

Ardith aliyangoja maneno hayo tangu Septemba, na hakuwa na haraka ya kuyamaliza. Alilirekebisha sanduku mikononi.

"Ardhi ndiyo kwanza inayeyuka," alisema. "Nipigie Mei."

Tangi lilihitaji siku nne kukauka na kuzibwa upya kona. Siku hizo Shemasi alikaa kwenye bafu, na Ardith akawa anaoga kwa Opal. Samaki alinuna. Alilala ubavu chini kabisa, kama samaki wa aina hiyo wanavyofanya wakihamishwa, akakataa minyoo, na Ardith alikaa kwenye sakafu ya bafuni akiogopa kwamba ameshinda bure. Ya tano alimrudisha tangini, juu ya nguzo zilizolingoja kwa miezi mitano. Akaweka kidole kona moja, akaweka kona ya pili. Sawasawa. Ya sita, Shemasi alipita mbele ya kioo, tumbo mbele, akamtazama kana kwamba yeye ndiye aliyechelewa.

Tarehe mosi Mei, saa mbili asubuhi, simu ililia. Ardith alitazama jina, akaiacha ilie mara nne huku Shemasi akimalizia mnyoo wa mwisho vidoleni mwake. Kisha akapangusa mkono, akapokea.

"Ardhi bado mbichi, Duane," alisema. "Jaribu Juni."